TAZAMA MWANYA KABLA YA RANGI

Wale mliohudhuria mjadala wa Chama cha Kiswahili muhula uliopita mtakumbuka kwamba ukumbi nusura uwake moto. Hoja ilikuwa: "Fremu ya baiskeli ya mlimani haifai kufanywa ya giya moja." Watetezi walipiga meza, wapinzani wakapiga makelele, naye mwenyekiti akapiga kengele mpaka mkono ukamchoka. Mimi nilikuwa nimeketi kule nyuma nikisikiliza. Watu walizungumzia rangi, wakazungumzia uzito, wakataja majina ya kampuni, hata wakabishana ni nani huonekana wa maana akipita Westlands juu ya baiskeli gani. Hakuna hata mmoja aliyeutaja mwanya. Na mwanya ndio mjadala wenyewe.

Pengine mtauliza, huyu naye anajuaje? Taib. Jumamosi na wakati wa likizo mimi humsaidia mjomba wangu, ambaye ni fundi wa baiskeli. Kibanda chake kiko katika kichochoro kimoja kinachotoka River Road kuelekea Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Kazi yangu ni kupaka grisi, kuziba pancha na kutumwa spana. Lakini mwenye macho haambiwi tazama. Nimeona fremu nyingi zikiletwa pale na watu wa mkate, watu wa mboga, walinzi wa usiku na wanafunzi kama sisi, na nimeona zipi huondoka zikicheka na zipi hurudi baada ya wiki moja.

Tena jambo hili si la mzaha. Mwenzetu mmoja wa Kidato cha Pili, ambaye hutoka Kangemi kila asubuhi, alikuwa na baiskeli ya mlimani ya mtumba. Mashine ya giya ya nyuma iligongwa na jiwe ikavunjika. Fundi mmoja wa mtaani akaitoa, akakata cheni, akaifunga kwenye jino moja la nyuma, akamwambia, "Sasa ni kama Black Mamba, enda." Siku ya nne, akipanda Waiyaki Way jioni akiwa amesimama juu ya pedeli, cheni ikaruka. Mguu ulikanyaga hewa, akaanguka kifudifudi kwenye lami, na matatu iliyokuwa nyuma yake ikampita karibu sana. Alipona na mikwaruzo tu, namshukuru Mungu. Lakini ndiyo sababu mjadala ule ulikuwa na moto, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Basi mwanya ni nini? Igeuze baiskeli yako miguu juu, utazame pale nyuma ambapo ekseli ya gurudumu inaingia katika fremu na kukazwa kwa nati. Pana nafasi iliyokatwa katika chuma, moja kila upande. Nilimwuliza mjomba inaitwaje, akasema, "Si pale ekseli inaingia!" Nikamwuliza mwalimu wa Kiswahili, akafungua kamusi, akaifunga. Kwa hiyo mimi nimeiita mwanya wa ekseli, na atakayepata jina zuri zaidi alete toleo lijalo.

Mwanya huo una namna mbili kuu. Kuna mwanya wa kulala, yaani umekatwa kwa urefu kufuata cheni, na ekseli inaweza kusogezwa mbele au nyuma kabla ya kukazwa. Wa Black Mamba ni wa kulala na unafunguka kwa nyuma. Halafu kuna mwanya wa wima, ambao umekatwa kutoka chini kwenda juu. Gurudumu likiingia linapanda mpaka mwisho, linakaa hapo hapo, halina habari ya kwenda mbele wala nyuma. Huu ndio mwanya wa baiskeli nyingi za mlimani zenye giya.

Tofauti hiyo ina uzito gani? Hebu fikiria cheni. Cheni ya giya moja haifai kukazwa kama waya wa gitaa, kwa sababu itakula beringi na kufanya pedeli ziwe nzito. Wala haifai kulegea kama kamba ya kuanikia nguo, kwa sababu itaruka. Kipimo cha mafundi ni kwamba ukiishika katikati ya upande wa chini kwa kidole, ipande na kushuka kama nusu inchi, basi. Katika baiskeli yenye giya nyingi, kazi ya kuvuta ulegevu hufanywa na ule mkono wenye springi na vijigurudumu viwili unaoning'inia nyuma. Ukiutoa mkono huo, hakuna tena kinachovuta cheni isipokuwa mahali gurudumu lilipo. Kama gurudumu linaweza kurudi nyuma, cheni inakaza. Kama haliwezi, umebaki na cheni ya urefu ule ule uliopewa na bahati.

Hapa naomba walimu wa hesabu wanivumilie, maana katika mjadala watu walisema "si unapunguza tu cheni!" kana kwamba cheni ni mkanda wa suruali. Cheni ni kama muwa, ina pingili. Kutoka pini moja hadi nyingine ni nusu inchi, yaani milimita 12.7, na kipimo hicho ni kimoja duniani kote, iwe Black Mamba au baiskeli ya mashindano. Lakini pingili moja ni nyembamba na inayofuata ni pana, nyembamba, pana, hivyo hivyo mpaka mwisho. Huwezi kuunga nyembamba kwa nyembamba. Kwa hiyo ukikata, lazima ukate mbili pamoja, inchi nzima. Na kwa vile cheni ina upande wa juu na upande wa chini, inchi moja ya cheni ni sawa na nusu inchi ya mwendo wa gurudumu. Maana yake ni kwamba baina ya cheni iliyo fupi kupita kiasi na cheni iliyo ndefu kupita kiasi kuna hatua ya milimita 12.7 nzima. Usipokuwa na mwanya wa kusogeza gurudumu ndani ya hatua hiyo, utaangukia katikati, na katikati ndipo cheni huruka.

Nilipima fremu moja pale kibandani. Kutoka katikati ya kranki hadi katikati ya ekseli ilikuwa milimita 428. Mwenyewe alitaka meno 32 mbele na 18 nyuma. Tukiweka pingili 92, cheni haifiki. Tukiweka 94, inafika na kubaki na ulegevu ambao ungehitaji gurudumu lirudi nyuma milimita 9 ili uishe. Mwanya wake ulikuwa wa wima. Mjomba akatazama, akasema, "Kijana, hii fremu haina pa kwenda."

Lakini kuna njia ya werevu, na hapa ndipo wapinzani wa hoja wangeshinda kama wangejua. Badala ya kusogeza gurudumu, ongeza meno. Kila jino unaloongeza, mbele au nyuma, linakula nusu ya pingili, na nusu ya pingili ukiigawanya kwa pande mbili za cheni ni kama milimita 3 za gurudumu. Sisi tulikuwa na pengo la milimita 9. Tatu mara tatu! Tukatoa 32 kwa 18, tukatafuta 34 kwa 19. Ongeza hesabu: meno mawili mbele, moja nyuma, jumla matatu. Cheni ya pingili 94 iliyokwisha kutumika kidogo ikakaa sawasawa. Na jambo la kupendeza ni kwamba 32 gawanya kwa 18 ni 1.78, na 34 gawanya kwa 19 ni 1.79. Mguu hautambui tofauti hata chembe. Yule mtu aliondoka akitabasamu hadi masikioni.

Sasa shida. Cheni hurefuka. Si kwamba chuma kinavutika kama mpira, la hasha, ni pini zinazolika kidogo kidogo na kila pingili inapata ulegevu wake. Cheni ikirefuka kwa asilimia moja, pingili 94 zinaongeza karibu milimita 12, na gurudumu linatakiwa kurudi nyuma milimita 6 ili cheni ikae kama mwanzo. Kwenye Black Mamba unalegeza nati mbili, unavuta, unakaza, unakwenda zako. Kwenye mwanya wa wima unatazama tu. Vumbi la Kawangware wakati wa kiangazi, na ule udongo mwekundu wa Kabete wakati wa mvua, hula pini upesi sana. Kwa hiyo mpango wa meno unaweza kukuokoa siku ya kwanza, lakini mwezi wa tatu unarudi pale pale. Yule bwana wa 34 kwa 19 tulimwambia mapema kwamba atahitaji cheni mpya mara nyingi kuliko wenzake. Alikubali. Alikuwa mlinzi wa usiku kule Lavington, hapandi na mzigo. Angekuwa mtu wa mkate mwenye kreti nyuma, nadhani mjomba angekataa kumfungia.

Ukijumlisha ile hatua ya milimita 12.7 na hizo 6 za kulika kwa cheni, unapata kama milimita 19. Mwanya wa kulala wenye nafasi ya urefu huo hukubali meno yoyote, cheni yoyote, mpaka cheni iishe uhai wake. Hiyo ndiyo siri ya Black Mamba. Wengi hudhani siri ni chuma kizito. Chuma kizito ni mateso tu, mwulize aliyewahi kuisukuma Valley Road mchana.

Wacha nirudi nyuma kidogo katika historia, maana watetezi wa hoja walisema mambo ya ajabu, ati baiskeli ya mlimani "iliumbwa na giya." Black Mamba yetu ni mtoto wa baiskeli za Kiingereza za mtindo wa Raleigh wa Nottingham, ambazo baadaye zilitengenezwa na Wahindi na Wachina. Hero ya Ludhiana ilianza mwaka wa 1956, na Phoenix ya Shanghai nayo inajulikana sana huku kwetu. Magurudumu ya inchi 28, breki za fimbo, mwanya wa kulala. Baiskeli ya mlimani ilizaliwa Marekani, California, katika wilaya ya Marin karibu na Mlima Tamalpais. Vijana wa huko walichukua baiskeli kuukuu za Schwinn za miaka ya 1930 na 1940, nzito, giya moja, breki ya kurudisha pedeli nyuma, wakazishusha mlimani kwa kasi. Mwaka wa 1976 wakaanzisha mashindano waliyoyaita Repack. Jina hilo lilitokana na breki: ilipata moto mpaka grisi ikaungua yote, na mtu akifika chini ilimbidi aijaze grisi upya. Mwaka wa 1977 Joe Breeze akatengeneza fremu mahususi kwa kazi hiyo, na mwaka wa 1981 kampuni ya Specialized ikaleta Stumpjumper iliyotengenezwa kwa wingi kiwandani. Kwa hiyo babu wa baiskeli ya mlimani alikuwa wa giya moja, kama Black Mamba! Mwanya wa wima uliingia baadaye, giya zilipoanza kubadilishwa kwa kubofya na ikawa lazima gurudumu likae mahali pamoja bila kuyumba hata nywele.

Nisije nikaonekana nimehongwa na Black Mamba. Mwanya wa kulala una makosa yake, na haki lazima isemwe. Kosa la kwanza ni kuteleza. Cheni iko upande wa kulia na huvuta upande wa kulia kwenda mbele. Ukisimama juu ya pedeli kupanda kutoka Museum Hill na mtungi wa maji nyuma, na nati haikukazwa vyema, ekseli ya kulia inasogea mbele, gurudumu linapinda, na tairi linaanza kusugua fremu upande wa kushoto. Ndiyo maana baiskeli nzuri za aina hiyo zina skrubu ndogo ya kuvutia mwishoni mwa mwanya, inayoizuia ekseli isiende. Mafundi wengine huzitupa hizo skrubu ati ni uchafu. Msiwakubalie.

Kosa la pili ni breki. Ukisogeza gurudumu, rimu inasogea nayo, na raba za breki zilizofungwa kwenye fremu hazigusi tena pale zilipokuwa zikigusa. Kila ukivuta cheni, lazima utazame breki. Kwa breki za diski ni balaa zaidi, kwa sababu kikamatio cha diski kimefungwa kwenye fremu na diski imekwenda zake na gurudumu. Kosa la tatu ni pancha. Gurudumu la nyuma la Black Mamba kulitoa ni shughuli: madigadi, kariya, fimbo ya breki, na lazima ulivute kwa nyuma huku cheni ikikupaka weusi. Ndiyo sababu mafundi wetu huziba pancha bila kulitoa gurudumu, wanavuta tyubu kando tu. Wa baiskeli ya mlimani anafungua, linaanguka, dakika moja.

Kwa hiyo kwa mtu wa mashindano mwanya wa wima ni baraka tupu. Kule Kikuyu, ng'ambo ya Kangemi kwa barabara hiyo hiyo, David Kinjah amewafundisha vijana wengi kuendesha, na mmoja wao alikuwa Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1985 akaanzia kwenye baiskeli za mlimani katika vijiji hivyo, kisha akashinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017. Hakuna atakayemwambia mtu kama huyo atoe giya. Lakini sisi wengine hatuna gari la mafundi linalotufuata nyuma.

Tuje sasa kwa yule ambaye tayari ana fremu ya mwanya wa wima, giya imevunjika, na pesa za kununua nyingine hana. Afanyeje? Nimeona mbinu kadhaa pale kibandani. Ya kwanza ni kuuacha ule mkono wenye springi, kama haujavunjika wote, ufanye kazi ya kuvuta cheni tu bila waya wa giya. Inafanya kazi, na kwa mwanafunzi naona ndiyo ya kwanza kujaribu. Lakini angalieni: mbinu hii haipatani kamwe na breki ya kurudisha pedeli nyuma. Ukirudisha pedeli ili ufunge breki, upande wa chini wa cheni ndio unaovutwa, na ule mkono wenye springi uko huko huko chini. Utanyooka au utavunjika, na breki haitashika. Na mkumbuke kwamba katika baiskeli yenye breki ya namna hiyo, cheni ndiyo breki. Cheni ikiruka ukishuka kutoka Kangemi kuelekea mjini, huna tena kitu cha kukuzuia isipokuwa soli za viatu. Kwa breki hiyo, mwanya wa kulala si anasa, ni uhai. Mjomba hukataa kabisa kuifunga kwenye fremu ya wima hata umlipe nini, na katika hili namuunga mkono mia kwa mia.

Mbinu ya pili ni ile hesabu ya meno niliyoieleza. Ya tatu ni kupata pingili maalumu ambayo upande mmoja ni nyembamba na upande mwingine ni pana. Ukiwa nayo unaweza kukata nusu inchi badala ya inchi, na ile hatua ya milimita 12.7 inakuwa 6.35. Kisha jino moja likimalizia, mambo yako sawa. Pingili hizo hutumika sana kwenye BMX, na mwenye kuzunguka maduka ya vipuri kwa subira huzipata. Ya nne ni tupa. Watu husugua mwanya wa wima uwe mpana kidogo ili ekseli isogee milimita moja au mbili. Kwa fremu ya chuma, kidogo kidogo, sina neno. Kwa fremu ya alumini sipendi hata kutazama.

Ya tano ndiyo ya wanaume wa Jua Kali: kukata ncha za nyuma za fremu na kuchomelea nyingine kutoka kwa Black Mamba iliyokufa. Nimeiona ikifanywa vizuri, nimeiona pia ikifanywa vibaya, gurudumu likikaa upande kama kofia ya mlevi. Mambo mawili ya kujua. Kwanza, fremu lazima iwe ya chuma. Chukua sumaku ya spika ya redio iliyoharibika, iguse kwenye fremu. Ikishika, ni chuma. Isiposhika, huenda ni alumini, na alumini haichomelewi kwa mashine ya kawaida ya kichochoroni. Hata ikichomelewa, joto huidhoofisha pale pale inapobeba uzito, na ncha ya nyuma ya fremu ndiyo inayobeba. Pili, upana. Ekseli ya nyuma ya baiskeli nyingi za mlimani za mtumba imeundwa kwa fremu yenye nafasi ya milimita 135, na Black Mamba ni nyembamba kuliko hivyo. Kwa hiyo ni zile ncha tu zinazohamishwa, si gurudumu. Hata rimu hazilingani: ya inchi 28 ya breki za fimbo hukaa kwenye duara la milimita 635, na ya inchi 26 ya mlimani kwenye 559. Anayekuambia "zote ni baiskeli, zinaingiliana" anataka kukuuzia kitu.

Wakubwa wa viwanda nao wamelifikiria jambo hili, si sisi wa River Road pekee. Siku hizi kuna fremu za mlimani ambazo ncha zake za nyuma zimefungwa kwa bolti na huteleza, hivi kwamba mwanya ni wa wima lakini wenyewe unasogea, na kikamatio cha breki ya diski kinasogea nao. Nyingine zina kranki iliyokaa ndani ya duara lisilo na kitovu katikati. Ukilizungusha, kranki inakwenda mbele na cheni inakaza, gurudumu halikuguswa. Ni akili nyingi na bei yake pia ni nyingi. Mimi nilivutiwa zaidi na Buffalo, baiskeli za World Bicycle Relief, shirika lililoanzishwa mwaka wa 2005, ambazo huonekana sana upande wa Kisumu na magharibi ya nchi. Buffalo ya kawaida ni giya moja na breki ya kurudisha pedeli. Watu walipolilia giya ya kupandia milima, watengenezaji hawakuweka ule mkono wa springi wa kuvunjwa na mawe. Mwaka wa 2023 walitoa yenye giya mbili ambayo ina cheni mbili na friwili mbili, na mwendeshaji hubadilisha kwa kurudisha pedeli nyuma kidogo. Cheni mbili! Nilipomsimulia mjomba alicheka mpaka akakohoa, kisha akanyamaza, kisha akaniuliza kama nina picha.

Katika mjadala wetu hoja ilipita kwa tofauti ya kura tatu, na bado kuna watu hawasalimiani. Kwa maoni yangu hoja yenyewe ilitungwa vibaya. "Fremu ya baiskeli ya mlimani" si kitu kimoja. Ziko za mlimani ambazo ziliuzwa bila giya tangu dukani, na zina mwanya wa kulala mzuri kabisa. Ziko za chuma za zamani zenye mwanya wa kulala mfupi unaofunguka kwa mbele, ambao hukupa nafasi kidogo, ila lazima nati zikazwe kwelikweli, kwa kuwa cheni huivuta ekseli kuelekea pale palipo wazi. Na ziko za wima. Mbili za kwanza zifanye za giya moja bila wasiwasi. Ya tatu, uliza kwanza mwenyewe anabeba nini na anapita wapi.

Kwa hiyo mwenzangu ukienda kununua ya mtumba, nenda na rula na ile sumaku. Muuzaji atakuonyesha rangi, stika na kiti laini. Wewe piga magoti nyuma. Tazama mwanya umelala au umesimama, na kama umelala, pima ekseli ina nafasi ya milimita ngapi ya kurudi. Gusa fremu kwa sumaku. Kisha pima cheni: weka sifuri ya rula katikati ya pini moja na uhesabu inchi 12. Kwenye cheni nzima, pini itaangukia kwenye 12 kamili. Ikiwa imevuka kwa nane ya inchi, cheni hiyo imekwisha na meno ya friwili huenda yamekwisha nayo, kwa hiyo utoe bei ya vitu hivyo viwili kwenye ile anayokutajia.